TAHADHARI: Friza jipya, waranti ya mwaka mzima, na kompresa chakavu niliyofungiwa gizani

Jamani, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo herufi zikirukaruka mnivumilie. Lile friza mliloniletea pongezi, lililotoka kwenye hela ya mchezo, limekufa. Tena halikufa lenyewe, limeuliwa.

Lilianza kwa kutogandisha tu. Barafu za ubuyu zinalala humo usiku kucha, asubuhi ukizibonyeza maji bado yanacheza ndani. Nikapiga simu dukani. Yule kaka akapokea kwa upole uleule wa siku ya kuniuzia: "Dada yangu usihofu, hiyo iko ndani ya waranti, nakutumia fundi wetu leo leo." Na kweli fundi akaja! Sasa niambieni nyie mnaonicheka, nani angeshtuka hapo? Mtu katoka Kariakoo mpaka Mbagala jioni, na foleni ya Kilwa Road mnaijua, na kirikuu chake, hadai hata nauli. Kavaa ovaroli lenye jina la duka mgongoni. Salamu zake za heshima, viatu kavua mlangoni. Akaweka kiganja juu ya kompresa, ile mota ya nyuma inayosukuma gesi, akainama akasikiliza, akaniita na mimi: "Sikiliza mama, unasikia inavyolalamika? Gesi imevuja. Hapa siwezi, lazima niende nalo karakana." Tukambebea, mimi na mwanangu, mpaka kwenye gari. Na juisi ya ukwaju nikampa, chupa kubwa, ya bure. Hiyo juisi inaniuma kuliko friza.

Lilirudi usiku, umeme umekatika mtaa mzima. Akalisukuma mpaka ukutani mwenyewe, akasema liache litulie kwanza ndipo uwashe, jambo ambalo ni kweli friji likitoka safarini lazima litulie, na ndiyo maana nilimwona mtu anayeijua kazi yake. Nikasaini karatasi ya kupokea kwa tochi ya simu.

Kuwasha asubuhi, linanguruma mpaka mpangaji wa chumba cha pili anagonga ukuta. Luku ikawa inakwisha kabla ya wakati wake, nikawa nawagombeza watoto bure kwa pasi. Halafu siku moja likatoa harufu ya plastiki iliyoungua, likanyamaza.

Shemeji yule fundi wa viyoyozi ndiye aliyelivuta kutoka ukutani. Akacheka kwanza, cheko la uchungu. Kompresa imepulizwa rangi nyeusi ya kopo, mpya inang'aa, ila rangi imerukia mpaka kwenye nati na ule waya wa njano na kijani. Kiwandani hawapulizi rangi juu ya waya. Akakwangua kwa ufunguo: kutu tupu. Kile kibandiko cha nyuma kinasema gesi ni R600a, kompresa waliyoifunga imeandikwa R134a. Kanieleza kuwa hizo gesi haziingiliani, mafuta yake tofauti, nguvu ya kusukuma tofauti, kompresa ya moja haibebi kazi ya nyingine. Na R600a inashika moto, hivyo mtu asiyejua akileta mtungi wa kuchomelea karibu nayo anaweza kuwalipua. Kwa hiyo kompresa yangu mpya ya kiwandani wameing'oa, saa hii inamgandishia mtu mwingine, na mimi nimewekewa uchafu.

Nikapiga simu. "Umeme wa kwenu mdogo dada." Nina frijigadi, kile kifaa cha kulinda friji umeme ukiyumba! Nikamtumia picha. "Ooh, limeshafunguliwa na fundi wa nje, waranti imekufa." Baada ya hapo namba yangu ikawa haiiti tena kwake. Nikaenda mwenyewe, nikakuta kijana anachezea simu, bosi eti kasafiri Guangzhou. Guangzhou! Na sauti yake naisikia nyuma ya pazia.

Mtu kama huyu alale sero, tena na fundi wake pembeni na lile ovaroli lake. Leseni ifutwe, duka lipigwe kufuli, akauze mitumba ya soksi. Malalamiko nimeshapeleka Tume ya Ushindani, FCC, na TRA nao nawapelekea habari za mashine yao ya risiti, EFD, ambayo kila mteja akifika "mtandao hakuna, risiti pitia kesho". Nilipewa ya mkono. Wanaosema ukinunua dai risiti, nilidai! Mashine ndiyo ilikuwa "inasumbua".

Ah, na kadi ya waranti imejazwa kwa kalamu, jina langu na tarehe basi, namba ya friza haimo, hivyo hata kuthibitisha friza ni lipi ni kazi. Wewe unayetoa friji lako nyumbani kwenda karakana, piga picha kompresa na kibandiko chake kwanza, na likirudi litazame mchana.

Jina la duka siliweki hapa kwa sababu ya malalamiko yanayoendelea, anayetaka kununua Kariakoo aje inboksi nimwambie asiingie wapi. Wenye oda za ubuyu za Jumamosi, oda zipo, nagandishia kwa mama Zai, ila zifuateni kabla ya saa nne maana naye friji lake anataka kuweka samaki.