Chekechea ya Gungu: siri zinatunzwa getini, zinamwagwa WhatsApp

Mzazi wa Kigoma akitafuta pa kumwacha mtoto huanza kuangalia rangi za ukutani, bembea na Kiingereza. Kwenye kituo hiki kidogo cha kulelea watoto wa miaka 2 hadi 4, pale Gungu, bembea ni tairi la gari na ukuta umepauka. Cha kukagua hapa ni namna wanavyoshika mambo ya familia za watu. Hapo wanapata maksi nyingi, kisha wanajiharibia wenyewe.

Fomu ya kuandikisha ina nafasi ya watu watatu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, kila mmoja na picha yake na namba ya simu. Akija wa nne, hata awe shangazi wa damu, mtoto haondoki mpaka mwalimu apige simu kwa namba iliyo kwenye fomu. Ile ya "shika simu, ongea na mama yake" hawaikubali, kwa kuwa sauti ya upande wa pili inaweza kuwa ya yeyote. Dereva wa bodaboda naye lazima awe kwenye fomu. Wazazi waliotengana wakivutana, kituo kinaomba nakala ya amri ya mahakama. Kama haipo, hakichagui upande, kinawaelekeza ofisi ya ustawi wa jamii. Mwalimu si hakimu.

Asubuhi mwalimu anachuchumaa mlangoni, anamsalimia mtoto huku akitazama macho, ngozi na mwendo. Alama yoyote inaandikwa mzazi akiwa bado pale. Jioni hakuna ubishi jeraha limepatikana wapi, na alama zinazojirudia zinajionyesha zenyewe daftarini. Penye shaka ya ukatili, mwalimu haulizi "ni baba kakupiga?", maana mtoto mdogo hujibu kile anachodhani mkubwa anataka kusikia. Anaandika maneno ya mtoto kama yalivyotoka, na mkuu wa kituo anapeleka taarifa ustawi wa jamii au anapiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mtu atoe taarifa, kwa hiyo siri ya familia inaishia pale mtoto anapoumizwa.

Daftari la matukio lina safu nne: saa, mahali, kilichoonekana, kilichofanyika. "Mtundu huyu" haina safu. Mtoto aking'atwa, mzazi anaonyeshwa alama na kuambiwa huduma aliyopewa, ila jina la aliyeng'ata halitajwi. Wapo wanaokasirika. Lakini mtoto wa miaka miwili hung'ata kwa kuwa maneno bado hayamtoshi, na Gungu watu wanajuana. Jina likitoka, ugomvi wa watoto unakuwa wa kina mama sokoni.

Kwenye dawa wako makini pia. Hawapokei "mpe kijiko kimoja". Vijiko vya nyumbani havilingani, na paracetamol ya maji ina nguvu tofauti: ipo ya miligramu 120 kwa kila mililita 5, ipo ya 250. Mzazi anaandika jina la dawa, nguvu yake, mililita, na saa aliyompa mara ya mwisho, kwa sababu muda kati ya dozi mbili za paracetamol usipungue saa nne. Chupa isiyo na lebo inarudi nyumbani.

Watoto wengine huingia wakijua Kiha au Kirundi tu. Kituo kinaiomba familia maneno machache: maji, njaa, choo, maumivu, na jina mtoto analomwitia mama yake. Mwalimu anayeelewa "amazi" hamwachi mtu na kiu mpaka ajifunze Kiswahili. Vikao vya wazazi hupangwa wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapokuwa nchi kavu, na kweli akina baba wanaonekana. Mzazi akileta migebuka au dumu la mawese kumshukuru mwalimu, zawadi inaandikwa na kwenda jikoni. Uji, vyoo na usingizi wa mchana havina shida.

Sasa kundi la WhatsApp. Mkuu anabandika humo orodha ya wanaodaiwa ada, kwa majina ya watoto. Mtoto hakukopa! Ujumbe huo ulitakiwa uende kwa mzazi mwenyewe, peke yake. Picha nazo zinatumwa sura zote zikionekana, na simu nyingi huzihifadhi zenyewe. Ikishafika kwenye "status" ya mtu, hairudishwi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, na fomu nzuri kama ile haina hata mstari mmoja wa ridhaa ya picha. Dawa yake ni nyepesi: piga picha za mikono na kazi walizofanya, si nyuso.

Lipo na la masomo ya jioni. Mwalimu anawafundisha kwa malipo watoto wale wale anaowalea mchana. Anayekuambia mwanao yuko nyuma asiwe ndiye anayekuuzia twisheni, na kwa umri huo mtoto anahitaji kucheza.

Ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi, uji na chakula cha mchana vikiwemo, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni. Ukienda kuandikisha, andika mwenyewe kwenye karatasi kama unaruhusu picha au huruhusu, saini, mkuu asaini, na ubaki na nakala.