Chombo Gani Ununue kwa Ajili ya Sukari ya Nyumbani?

Sukari haiozi, na ikikaa pakavu hudumu miaka. Adui yake ni unyevu, ambao katika miji ya pwani kama Tanga, Dar es Salaam na Mombasa ni mwingi, hasa wakati wa masika. Punje hunyonya maji yaliyomo hewani, zikalowa kwa juu, kisha zikikauka hushikana na kuwa mabonge. Kwa hiyo mnunuzi achunguze kifuniko kwanza. Umbo na rangi ya chombo vitafuata.

Nafasi ya kwanza nalipatia kopo gumu la plastiki lenye mpira ndani ya kifuniko na vibanio pande zote nne. Ukiwa dukani, lifunge likiwa tupu, likandamize ubavuni na usogeze shavu karibu na ukingo: ukihisi hewa inatoka, lirudishe. Kwenye ukubwa wengi hukosea, kwani kilo moja ya sukari huchukua takriban lita 1.2, na hivyo pakiti ya kilo 2 haienei katika kopo la lita 2. Chagua la lita 2.5 au 3.

Chupa ya kioo yenye kibano cha waya ni ya pili. Kioo hakishiki harufu, na ningeitanguliza kama isingekuwa nzito na rahisi kuvunjika mikononi mwa watoto wanaojichotea wenyewe.

Ndoo ya lita 10 yenye mfuniko wa kubana ni ya tatu, nayo inamfaa anayenunua kilo 7 au 8 kwa mkupuo, mathalani kabla ya Ramadhani, mradi awe na kopo dogo la matumizi ya kila siku ili ndoo isifunguliwe ovyo.

Mkebe wa bati nauweka mwisho, kwa sababu hewa ya chumvi huutia kutu. Kopo la maziwa ya unga ni la bure na linasaidia kwa muda, ila lililowahi kutiwa bizari lisitumike kabisa.

Chombo chochote utakachochagua, nunua pamoja nacho kijiko cha kubaki humo ndani, kwa kuwa kijiko kilichotoka kukoroga chai huingiza maji ambayo hakuna kifuniko kinachoweza kuyazuia.