Moteri inawaka, lakini haikojoi: uzoefu wangu na fundi mmoja wa Bukavu

Nina hasira. Msome mkijua hivyo.

Moteri yenyewe ni ya boti, Johnson ya miaka ya 70, farasi 25, niliachiwa na baba mkubwa. Ililala ghalani mpaka panya wakazaa chini ya kofia yake. Wamarekani waliokuwa wakizitengeneza walifilisika mwaka 2000, kwa hiyo piesi zake ni za kuwinda. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja hapa kando ya Ziwa Kivu, eti hakuna anayemshinda kwa moteri za zamani.

Kwa upande wa kabirateri, ni kweli. Buji (plagi) zilikuwa zinatoka nyeusi kama makaa na esansi (petroli) inakwisha kabla ya safari. Akanieleza: moteri hii ilipangiwa watu wa pwani, na ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, esansi inazidi. Akafungua jigle, kile kipande chenye tundu la kupitisha esansi, akaweka yenye tundu dogo zaidi. Akarefusha na mkono wa usukani kwa kipande cha bomba ili niendeshe nimesimama. Mvuto mmoja tu wa kamba, ikawaka! Nilimlipa nikicheka, pamoja na dola 40 za mpira mpya wa pampu ya maji, ule wenye mabawa unaosukuma maji ya kupoza moteri.

Mpira mpya. Kumbukeni hayo maneno.

Siku chache baadaye natoka kisiwa cha Idjwi, boti imejaa mananasi, mama wawili wameketi mbele. Katikati ya ziwa nikasikia harufu ya rangi inayoungua. Nageuka: ule uzi wa maji ya kupoza unaotoka nyuma haupo. Moteri haikojoi! Nikazima haraka, nikatemea mate juu ya kichwa cha silinda, yakachemka kama mafuta ya mandazi. Giza linaingia. Mama mmoja akaanza kuomba kwa sauti, mwingine ananiuliza kama najua kuogelea, kana kwamba hilo lingemsaidia yeye. Waliotuvuta ni wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, na zile pirogi zao tatu zilizofungwa pamoja, ndiyo wanatoka kwenda kuwasha taa za kuvulia usiku. Hawakutaka hata franka moja, walichukua mananasi manne.

Nyumbani nikafungua mguu wa moteri mwenyewe. Mpira nilioukuta ni ule ule wa baba mkubwa! Mgumu kama soli ya kiatu, mabawa yote yamelala upande mmoja, mawili yamekatika, vipande vimeziba njia ya maji.

Nikarudi kwake na mpira mkononi. Nilimwita papa fundi, kwa heshima. Hata hakuinua macho. Akasema mbele ya watu: "Kijana, hiyo moteri ni mkubwa wako. Isalimie kwanza, itakojoa." Wakacheka wote, hata mtoto anayeuza karanga pale.

Nilitaka kuandika kwamba ni mwizi, msikanyage kwake. Halafu nikatulia, nikajiambia labda mwanafunzi wake ndiye aliyeurudisha ule wa zamani, kwa sababu mtu anayejua jigle namna ile hawezi kukosa kujua mpira. Halafu nikakumbuka wale waliocheka. Hapana. Ni mwizi. Dola 40 zangu hajarudisha mpaka leo.

Mpira mwingine nimeununua mwenyewe na kuufunga mwenyewe, kazi ya asubuhi moja. Sasa maji yanaruka vizuri, na lazima nikiri moteri inalia kama mpya, haili esansi hovyo, moshi kidogo tu.

Juzi jirani akaniuliza nani aliitengeneza. Nilinyamaza kidogo, kisha nikampa namba ya yule yule. Ila nilimwambia: siku ya kufunga pampu usiende kula. Simama pale, uone mpira ukiingia.