Kuhamisha mikanda ya VHS kwenda DVD: pesa ianzie kwenye deki

Mikanda ya harusi, send-off na kipaimara ya miaka ya 80 na 90 bado imepangwa kwenye makabati ya nyumba nyingi za Moshi na Arusha. Disemba ndugu wanaporudi nyumbani, watoto wanataka kumwona bibi akiwa kijana, na hakuna pa kumwonyeshea. Anayetaka kununua vifaa vya kazi hii kwa kawaida huanza kuuliza kichomea diski. Hicho ndicho cha mwisho. Kichomea chochote kizima hunakili kile kilichopewa, na picha mbovu ikishatoka kwenye deki, yaani mashine inayocheza mikanda ya VHS, hakuna cha kuirudisha.

Deki mpya hazipo. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuzitengeneza, ilisimamisha mwaka 2016, kwa hiyo utanunua iliyotumika. Kabla ya kuulizia bei, igeuze usome kibao cha nyuma. Ikiandikwa 100V na NTSC (mfumo wa picha wa Japani na Marekani), ilitengenezwa kwa soko la Japani: ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 itaungua, na hata ukiipatia trafo haitasoma sawasawa mikanda yetu iliyorekodiwa kwa PAL, mfumo wa picha wa huku kwetu. Picha itaruka, na rangi zitapotea. Hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa pesa zao bila muuzaji kujua anaibia. Deki iliyotoka Uingereza ni PAL na umeme wake unalingana na wetu. Itafutie waya wa SCART (plagi pana ya deki za Ulaya) kwenda RCA (plagi za duara za njano, nyekundu na nyeupe), na kama waya una swichi, iweke upande wa kutoa. Mwenye mikanda iliyotumwa na ndugu wa Marekani atafute deki ya mifumo yote, inayosoma PAL na NTSC.

Dukani nenda na mkanda usio na thamani. Uache ucheze dakika kumi, peleka mbele, rudisha, kisha utoe na uufunue kidogo: ukingo ukiwa umekunjamana, deki hiyo inakula mikanda. Mara nyingi kosa ni rola ya mpira iliyokauka au mkanda wa mpira uliolegea ndani, na fundi anaweza kubadilisha. Chenga za picha nzima, sauti ikiwa safi, kwa kawaida ni hedi chafu, yaani visomeo vya picha ndani ya deki.

Kusafisha hedi vibaya kunaweza kuiua deki. Tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya kawaida ina maji na huacha utando. Lowesha kipande cha karatasi nyeupe ya printa, kibandike kwa kidole ubavuni mwa ile ngoma inayong’aa, na kidole kisisogee kabisa. Mkono wa pili ndio uzungushe ngoma taratibu kutoka juu, mizunguko michache. Karatasi itatoka na mstari mweusi wa uchafu. Usisugue juu na chini hata mara moja, kwa sababu hedi zenyewe ni vipande vidogo sana vya ferite vinavyochomoza ubavuni mwa ngoma, na huvunjika. Pamba ya masikio pia hapana, nyuzi zake hunasa hapo hapo. Iache ikauke robo saa.

Mikanda nayo ikaguliwe. Tazama kwenye kidirisha: utando mweupe kama unga kwenye kingo ni kuvu, na masika ya Moshi huyapenda sana makabati yasiyo na hewa. Mkanda huo usiuingize kwenye deki yako nzuri. Utaambukiza mingine yote kupitia hedi. Mkanda usio na kuvu uupeleke mbele hadi mwisho na kuurudisha mara moja kabla ya kurekodi, ili ujikaze sawasawa.

Mashine ya mbili kwa moja, VHS na DVD zikiwa boksi moja na kitufe cha kunakili, inamfaa mwenye mikanda mitano sita iliyo safi. Ni rahisi kweli. Lakini ikikutana na mkanda uliochoka, huna pa kuingilia kati kurekebisha chochote.

Mwenye mikanda mingi atenganishe: deki, kituliza picha, kisha kifaa cha USB cha kuingiza picha kwenye kompyuta. Kituliza ndicho watu wanachoruka, na ndicho kinachotofautisha kazi nzuri na mbaya. Mkanda wa zamani umevutika, mistari ya picha haifiki kwa wakati mmoja. Utaona sehemu ya juu ya picha imepinda kama bendera kwenye upepo. Kituliza huishika mistari kwenye kumbukumbu na kuitoa kwa wakati. Cha bei nafuu kinachofanya kazi hiyo ni rekoda ya DVD ya Panasonic DMR-ES10 au ES15, toleo la PAL: waya wa deki uingie kwenye rekoda hiyo, na wa rekoda utoke kwenda kwenye kompyuta. Haihitaji diski ndani, hivyo hata ambayo leza yake imekufa inafaa.

Kwa USB tunapendekeza Hauppauge USB-Live2. Vile vidude visivyo na jina huruka fremu mawimbi yakiyumba, na baada ya nusu saa mchungaji anafungua mdomo kabla sauti haijafika. Sauti ipitie kifaa hicho hicho cha USB, si tundu la maiki la laptop.

Rekodi kwa pikseli 720 × 576, fremu 25 kwa sekunde. Ukitumia programu ya bure ya OBS, hifadhi faili kwa muundo wa mkv: umeme ukikatika, mkv hubaki na kilichokwisha kurekodiwa, mp4 ya kawaida inaweza kuharibika yote. Deki na kompyuta zote ziwe kwenye UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika.

Diski ya GB 4.7 hubeba saa moja kwa megabiti 8 kwa sekunde, ambayo ni GB 3.6 hivi. Mkanda wa E-180 ni saa tatu; ugawe kwenye diski mbili kwa megabiti 6. Ukiubana wote kwenye diski moja, watu wakianza kucheza ukumbini picha itavunjika miraba miraba.

Choma kwa mwendo wa 4x hadi 8x, na ukirekodi kwa rekoda usisahau kuifunga diski kwenye menyu, la sivyo haitafunguka kwenye deki ya DVD ya mtu mwingine. Andika jina kwa kalamu ya diski. Stika huibuka na kuikwamisha ndani. Faili lenyewe libaki kwenye diski kuu ya nje (hard disk), na mkanda usitupwe mpaka DVD iangaliwe mwanzo mpaka mwisho.