Bomba la hewa baridi: kiangazi raha, masika kasheshe

Ni bomba la kuipa injini hewa ya nje iliyo baridi, lina filta yake mwishoni. Nimelifunga kwenye Subaru Impreza yangu, nimelinunua Kariakoo. Mlio wake, wazee, mtamu: ukikanyaga mafuta unaisikia injini inavuta pumzi. Nguvu? Kwa foleni zetu hizi sijaona la maana, ingawa muuzaji aliongea kama ananiuzia ndege.

Shida ni pale filta inapokaa. Boksi la filta la kiwandani liko juu. Bomba hili linashuka hadi nyuma ya bampa, jirani na taa ya ukungu. Baada ya mvua za kwanza tulifungua plastiki ya ndani ya tairi, tukakuta filta imelowa na tope limeganda kwenye mikunjo. Na hayo ni madimbwi ya kawaida tu. Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, Dar, filta ikazama, injini inanyonya maji. Maji hayashindiliki kama hewa, kwa hiyo konrodi, chuma kinachoshika pistoni, ndiyo inayopinda. Gari likizima majini usipige stata tena. Fundi atoe plagi kwanza, maji yatoke.

Wanauza na soksi ya filta, kitambaa cha kuivisha. Inazuia matone, kuzama haizuii.

Nyota tatu. Masika narudisha boksi la zamani, bolti zenyewe chache.