Madalali watatu niliopita nao mpaka nikapata nyumba Madale

Nauza vitenge Kariakoo, na tangu nihamie Madale mwaka jana kila mteja anayesikia nimenunua nyumba ananiuliza: "Dada, dalali wako ulimpata wapi?" Sasa nawaandikia wote kwa pamoja, maana nimechoka kusimulia huku napima kitambaa.

Bajeti ilikuwa milioni 55, hela ya duka, vikoba na kiwanja cha urithi kilichouzwa Korogwe. Nilitaka nyumba iliyokwisha. Pagale sikutaka, nguvu za kukimbizana na mafundi sina.

Wa kwanza alikuwa kijana wa mtandaoni. Picha zake zinameremeta, jiko utadhani la hoteli. Elfu 20 kila safari ya kunitembeza, na mafuta ya gari juu yangu. Nyumba ya "dakika 5 kutoka lami" ilitupeleka nyuma ya Bunju, gari likagoma kwenye mchanga, tukamalizia kwa bodaboda mbili. Ile ya pichani, kila nikiiulizia, "imeuzwa jana". Safari tatu, elfu 60. Nampa moja kwa kumi, na hiyo moja ni ya picha.

Wa pili alinikamata vizuri zaidi, kwa sababu ni mtu mzima. Baraghashia, lugha ya adabu, unampa shikamoo bila kujifikiria. Alinionyesha nyumba Goba: vyumba vitatu, bati jipya, kisima, migomba nyuma. Milioni 52. Nikaipenda pale pale, na nafikiri aliniona. Kila nikiuliza mwenye nyumba, naambiwa yuko Dodoma kikazi. Nilipotaja kwenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi wa hati, akacheka kidogo: "Mama, huko utazungushwa. Na kuna mteja anakuja saa kumi na hela mkononi." Huyo mteja wa saa kumi nadhani wote tunamjua.

Jumapili nikaenda peke yangu, bila kumwambia. Nikamkuta mzee anamwagilia migomba kwa kopo la mafuta ya kula. Ndiye mwenye nyumba. Bei aliyompa dalali ilikuwa milioni 44. Cha juu kidogo mimi sikikatai, mtu anatembea juani na vocha ananunua mwenyewe, lakini milioni 8! Halafu mzee akaongeza, kama anasema la kawaida tu, kwamba nyumba ilikuwa ya marehemu mkewe, mirathi haijafunguliwa, na mtoto mmoja aliyeko Mwanza hataki iuzwe. Nilirudi kwa daladala bila kusema neno. Nilikuwa nimebakiza siku mbili kulipa kishika uchumba cha milioni 5.

Wa tatu sikumtafuta. Ni dada mwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa pale Madale, udalali anaufanya pembeni. Nilikuwa natoa hela, nikalalamika kama mtu anavyolalamika dirishani, akaniambia nirudi Jumamosi na viatu vya kutembelea.

Nyumba ya kwanza aliyonipeleka alinikataza yeye mwenyewe. Tulikuwa sebuleni, mimi nasifia rangi. Akainama, akapitisha kidole ukutani. Rangi mpya ilikuwa imepakwa kuanzia chini hadi usawa wa goti tu, juu ni ile ya zamani, nyeupe imeanza kuwa njano. Akavuta kabati kidogo. Nyuma yake, pale ambapo fundi hakufika, kulikuwa na mstari wa kahawia ulionyooka kama umepigwa kwa rula. "Masika maji yanafika hapa," akasema. Mwenye nyumba alikuwa mlangoni, anasikia. Dada hakushusha hata sauti. Asilimia 5 yake ya udalali ikaondoka hapo hapo.

Ya pili ndiyo ninayokaa. Vyumba viwili, milioni 48. Kabla sijaiona ndani alinipitisha serikali ya mtaa, nikae na mwenyekiti, kisha kwa majirani wa pande zote mbili kuuliza kama kuna ugomvi wa mpaka. Bikoni, zile alama za mpaka, tulizitafuta kwa jembe, ya nne ilikuwa chini ya rundo la matofali. Akachukua namba ya kiwanja na kitalu, tukafanya upekuzi, jina likawa la muuzaji kweli na hati haina rehani.

Nikadhani tumemaliza. Akamgeukia muuzaji: "Kaka, shemeji yuko wapi?" Mke alikuwa Moshi. Muuzaji akasema hati ina jina lake peke yake. Dada akamjibu kwamba nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, na yeye hataki kuitwa mahakamani na mtu asiyemjua. Tulisubiri wiki tatu. Muuzaji alinuna, mimi pia nilinuna, kodi ya nilikokuwa napanga ilikuwa inakwisha. Mke akaja kwa basi, akazunguka nyumba nzima kimya, akasaini mbele ya wakili, kisha akaomba mche wa mlimao aliouotesha kwenye kopo la rangi. Akaondoka nao mapajani.

Kasoro anazo. Ikifika saa kumi na mbili simu yake inazimwa, hata kama umeshika milioni 48 mkononi. Risiti hana, nililazimika kumwandikisha kwenye daftari la duka. Na kodi ya ongezeko la mtaji, ile asilimia 10 ya faida ya muuzaji, aliisahau mpaka wakili alipoitaja, tukaanza mabishano upya nani alipe. Hapo alinikera kweli. Nampa nane.

Mwezi uliopita mdogo wangu alitaka nyumba Kigamboni, nikampigia dada mchana. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kigamboni sikujui dada, nitakudanganya." Akakata simu, kulikuwa na foleni dirishani. Kwa hiyo Kigamboni bado tunatafuta.