Uzoefu wangu: kufunga deki na kuweka silivu kwenye bloku ya EJ257 kwa mbio za dragi

Kama Subaru yako iko chini ya nguvu za farasi 400 kwenye magurudumu na ni gari la kwendea kazini, usisumbuke na kazi hii ya kuziba nafasi ya maji kwenye deki, yaani uso wa juu wa bloku, na kuingiza silivu, yaani kuta mpya nene za silinda. Nunua rejeta nzuri, tafuta fundi wa tyuni, yaani wa kupanga kompyuta ya injini, anayejua anachofanya, na pesa itabaki. Ninayoisimulia hapa ni kazi ya mtu anayetaka kukanyaga mpaka mwisho robo maili nzima, mita 402, turbo kubwa ikisukuma hewa, halafu arudi kwenye foleni arudie tena jioni hiyohiyo.

Injini yangu ni EJ257 ya lita 2.5, imetoka kwenye WRX STI A-Line, zile za gia otomatiki zilizokuja kwetu kutoka Japani. Bloku yake ni ya alumini, vipande viwili vinavyokutana katikati na kubana krenkishafti, na ndani ya kila silinda kuna ukuta mwembamba wa chuma cha kusubu. Ukifungua hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, udhaifu unauona kwa macho: silinda zimesimama katikati ya njia ya maji, juu zimeshikiliwa na vidaraja vichache. Kipenyo cha silinda ni milimita 99.5, na kutoka kitovu cha moja hadi kitovu cha jirani yake ni milimita 113. Piga hesabu: kati ya tundu na tundu zinabaki milimita 13.5 za kila kitu. EJ20, ndugu yake wa lita 2.0 mwenye kipenyo cha 92, inabakiza 21, ndiyo maana wapo wajenzi wakubwa wasiotaka hata kusikia habari za lita 2.5. Na zile EJ20 za turbo za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilitoka kiwandani deki ikiwa imefungwa kabisa. Ukiipata moja ambayo haijachokonolewa, ishike.

Shida ya bloku ya kawaida si kwamba itapasuka siku ya kwanza. Mlipuko unapoisukuma pistoni, konrodi, ile fimbo inayoiunganisha na krenkishafti, iko kwa pembe, kwa hiyo sehemu ya nguvu inauegemea ukuta wa silinda. Kwa busti ndogo, yaani shinikizo dogo la turbo, ukuta unavumilia. Ukipandisha, silinda inaanza kutikisika pale juu. Ringi zinakosa mguso, gesi inapenya chini kwenye oili, na gasketi ya hedi inasuguliwa kidogo kidogo mpaka ianze kupitisha. Dalili ni za kimyakimya: kopo la kunasia oili linajaa haraka, au baada ya mbio unakuta maji yamesukumwa kwenye chupa ya akiba ilhali gari halijachemka.

Kabla sijatoa pesa nililetewa njia mbili za bei nafuu. Moja ni pete ya alumini inayogongwa kwa nyundo kwenye ile nafasi ya maji juu ya silinda. Sikuitaka, na sikushauri. Ikigongwa kwa nguvu inaisukuma silinda ipoteze uduara, na inaziba maji palepale penye joto kali kuliko kote. Nyingine ni kumwaga saruji maalumu ya injini kwenye njia za maji. Hiyo inafanya kazi kweli, na gari linalokimbia sekunde kumi na kitu halafu linazimwa halina haja ya maji mengi. Lakini langu bado linapita barabara ya Thika Road, Nairobi, kwa matairi yake lenyewe.

Nikachagua silivu. Kuta za zamani zinakerezwa, zinaingia silivu nene za chuma cha kusubu kigumu zenye ukingo mpana juu, na kingo hizo zikikaa pamoja zinakuwa ndiyo deki mpya, na matundu ya maji yametobolewa kwa vipimo. Bloku ilitiwa tanurini ipanuke, silivu zikapozwa zisinyae, zikashushwa kwa mkono. Hapo kuna jambo ambalo karakana nyingi hulipita haraka. Alumini ikipata joto hupanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Maana yake injini ikiwa moto, ule mbano unalegea, na silivu isiyokalia ngazi iliyokerezwa sawasawa itazama. Ikizama hata kwa unene wa unywele, gasketi imekwisha. Kwa hiyo uso wa juu husawazishwa baada ya silivu kukaa na bloku kupoa kabisa, si kabla.

Kilichonifanya niamini karakana ile ni bamba. Mzee mwenye mashine alifunga bamba nene la chuma juu ya bloku badala ya hedi, akakaza stadi, yaani bolti ndefu za kubania hedi, kwa torki (nguvu ya kukazia) ileile ya siku ya kufunga injini, akateremsha geji ndani ya silinda. Kisha akalegeza stadi moja tu iliyo jirani. Mshale wa geji ukahama kama sehemu mbili za mia za milimita, akakaza tena, ukarudi. Tundu lililo duara safi likiwa wazi linageuka duaradufu likikazwa. "Umeona, kijana? Ukihoni bila bamba, unahoni silinda ambayo haitakuwepo injini ikiwaka." Akahoni, yaani akasugua ukuta wa ndani kwa mawe upate kipimo cha mwisho, bamba likiwa juu. Kwangu mimi hapo ndipo pesa ilipokwenda. Silivu mtu yeyote anaagiza. Ukerezaji wa sehemu moja ya mia ya milimita huuagizi.

Matundu ya stadi za hedi nayo yalipanuliwa kutoka milimita 11 za kiwandani hadi 14. Nilichukua stadi za chuma cha ARP 2000. Zipo kali zaidi, L19, lakini chuma kile hakipatani na unyevu, na mtu wa Mombasa au Tanga aliye na hewa ya chumvi dirishani aifikirie mara mbili. Bolti zinazoshika vipande viwili vya bloku ziliongezwa unene, njia ya krenkishafti ikakerezwa upya, maana kwa nguvu nyingi nyuso zile husagana na beringi ndizo hulipa.

Matokeo? Kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu za gari, lilitoa zaidi ya farasi 600 kwenye magurudumu, kwa petroli ya pampu na methanoli ya kupuliza. Hiyo ni namba bila marekebisho ya mwinuko. Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi, na fomula ya kurekebisha ilitungwa kwa injini zisizo na turbo. Ukiiacha ifanye kazi kwenye gari la turbo inakugawia farasi wa bure. Ukiona karatasi ya daino ya Nairobi, uliza hilo kwanza. Baada ya msimu nilipima uvujaji wa hewa silinda moja moja, zikapishana kidogo tu, hata ile ya nne inayojulikana kwa kuchemka. Kopo la oili sasa nalimwaga kwa mazoea tu.

Kero zipo. Pistoni zangu ni za kufuliwa, alumini ya 2618, zinahitaji mwanya mkubwa, kwa hiyo asubuhi injini inagonga kama dizeli mpaka ipate joto. Jirani alishaniuliza kama naiuza. Huwezi kuikanyaga kabla oili haijapata moto. Joto la maji linapanda upesi kidogo kwenye foleni kuliko zamani. Bei ya sehemu yote ya chini ya injini, yaani bloku na vilivyomo, pamoja na ushuru wa vipuri, ilikuwa bei ya Toyota Vitz iliyotumika inayotembea vizuri. Na kungoja zamu ya mashine ni kungoja kweli, mzee hakimbizwi.

Jambo la mwisho ni noki, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda. Silivu haizuii noki hata kidogo. Ukuta ukiwa imara, pistoni na gasketi ndizo zinazobaki kupokea kipigo. Kwa hiyo weka kando fungu la tyuni kabla hujalipia mashine. Ukiipeleka bloku yako popote, dai karatasi yenye vipimo vya kila silinda juu, katikati na chini, vilivyochukuliwa bamba likiwa limekazwa. Karakana isiyo na bamba la EJ haina kazi yako.